Kichwa cha Mama Muuza Muhogo

Juzi sokoni Kadutu ajenti wa serikali, Mzungu, alitueleza kwa nini Waafrika hatustahili kupiga kura.

"Koloni iko kama mwili," alisema. "Sisi kichwa, ninyi mikono. Mukono haiwezi kuchagua kitu."

Mama mmoja wa Kavumu, muuza muhogo, alitua kikapu chake, akajigusa paji la uso. "Bwana, mimi niko na kichwa yangu. Na wewe, naona uko na mikono mbili."

Polisi walimfungia mpaka jioni. Alipotoka nilimuuliza kama anajuta.

"Hapana, papa. Kesho akirudi, nitamuambia tena."

Wasomaji, hakuna anayefunga mkono kwa kosa la kufikiri. Kwa kumfunga mama huyu, serikali imekwisha kukiri kwamba tuna vichwa.