Uache

Mughwai si mzembe, na anayesema hivyo aje aniambie mimi, Selina, nesi wa zahanati hii ya Sepuka. Miaka sita anatunza kompyuta zetu, mpaka mlangoni anamwaga maji ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Kilichomponza ni neno moja.

Picha za ultrasaundi za wajawazito tunamtumia daktari aliyeko hospitali ya Mandewa kwa VPN, njia ya mtandaoni iliyofungwa ili watu wasichungulie. Akiona tatizo anapiga simu. Asipopiga, mama anakwenda kusubiri uchungu nyumbani.

Jumatatu alipiga simu Asnath, fundi wa Mandewa. Kule kubana data ili zipite haraka kumbe kunaweza kuvujisha siri, na yeye upande wake ameshakuzima.

"Kaka Mughwai, huo mpangilio wa kubana, uache."

"Niuache?"

"Uache kabisa."

Akauacha. Hakuugusa! Asnath alimaanisha auondoe. Basi sisi tukawa tunabana, wenzetu hawabanui, na picha zinafika takataka, mashine yao inazitupa bila kuzionyesha. Programu nayo, mwongo mkubwa, inaandika "imetumwa" kwa kijani.

Wiki nzima simu haikulia. Nikafurahi, jamani! Hata Kristina, mwenye mimba ya kwanza, nilimruhusu Jumatano huku namtania kwamba mtoto apewe jina langu.

Ijumaa asubuhi Mughwai akasema, "Dada Selina, kimya hiki sikipendi."

"Kwani unataka watu waumwe?" nikamcheka.

Hakucheka. Akampigia Asnath, akaweka sauti kubwa.

"Sepuka, mbona wiki hii hamleti picha? Tulidhani mashine imekufa."

Nikakaa chini. Mughwai akakumbuka lile "uache", akazima kubana, akatuma picha zote upya. Dakika kumi hazikuisha, daktari akapiga.

"Huyu Kristina yuko wapi? Kondo la nyuma limeziba njia. Asijaribu kuzaa huko, atavuja damu afe. Mleteni sasa hivi!"

Mughwai akakimbilia gari. Mimi nikapiga simu nyumbani kwa Kristina. Akapokea mama mkwe wake.

"Shikamoo mama. Kristina yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo ndani, uchungu umemwanza alfajiri. Damu inatoka, ila wala hatuna wasiwasi. Si mmempima wenyewe?"