Masaa Kumi na Mbili hadi Brussels

Mama mkubwa Mwanvua alikuwa mkaidi, na mimi niliyelelewa naye nina haki ya kusema. Pale Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, aliuza ndagala, yaani dagaa, sokoni, na nyumbani kazi yake ilikuwa kufagia: alfajiri anafagia, alasiri anafagia tena. Kitu kimoja tu kilimfanya auweke ufagio chini, nacho ni safari. Mtu wa nyumbani akiondoka, hafagii mpaka ajue amefika, asije akamfagilia mbali bahati yake. Mtu akienda Uvira, vumbi lilikuwa la siku moja au mbili. Tulivumilia.

Mwaka 1965 mwanawe wa pekee, Abasi, akapata burse ya kwenda kusoma Brussels. Alipoondoka, jirani yetu Radjabu, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege Bujumbura, alikuja kumtuliza.

"Mama, iko kilomita elfu sita na kitu. Ndege inafanya masaa kumi na mbili, na kituo kimoja. Kesho amefika."

"Kamyo ya Bujumbura inamaliza asubuhi yote, na hapo ni kilomita sabini tu," akajibu. "Unanidanganya sababu niko mujane."

Akapiga hesabu kwa mwendo wa lile lori, kila siku asubuhi moja, akapata miezi mitatu. Tukakaa na vumbi letu. Majirani walichungulia wakacheka, naye aliona haya kweli, ila ufagio hakuugusa. Barua ilikuja siku ya ishirini na mbili. Nilimsomea mstari wa kwanza tu, kwamba amefika salama, akaninyang'anya karatasi, akaibusu, akalia kwa sauti. Nami nikalia, maana nilimpenda sana yule mkaidi.

Kisha akaanza kungoja arudi. Akangoja miaka saba. Hatimaye Abasi akaandika kwamba angepanda ndege ya kurudi katikati ya Mei 1972, na mama mkubwa akanunua kitanda kipya.

Mwisho wa Aprili watu wakaanza kuuawa Rumonge. Baada ya siku chache tukasikia kwamba askari wanawatafuta waliosoma wawaue. Tukakimbia kwa mtumbwi ziwani, tukashuka kusini hadi Kigoma, Tanzania.

Tuliposhuka hakuulizia chakula, aliulizia posta. Akamwambia karani aandike telegramu: "Usipande ndege. Niko Kigoma, mzima. Mama."

"Itamfikia lini?"

"Kesho atakuwa nayo, mama."

Ilimkuta Abasi masanduku yake yakiwa yamekwisha kufungwa. Alibaki kule, na yuko hai hadi leo. Lakini siku ile hatukuwa na habari hiyo. Mama mkubwa aliketi kwenye ngazi za posta, akanishika mkono.

"Miaka saba ninaomba Mungu amurudishe," akasema. "Leo mimi mwenyewe nimemukataza kuja. Nimefanya vizuri, mwanangu?"

Nilimwambia ndiyo. Hakunisadiki, akalia mpaka posta ikafungwa.