Ziwa Limemchukua Koku, Injinia Wetu

Akili yangu inakataa jamani. Tangu juzi nashika simu nimpigie Koku, halafu nakumbuka.

Kwa wasiomjua: Koku alikuwa injinia, mwenzangu kazini na rafiki yangu wa damu, dada yangu kabisa. Team yetu ndogo hapa Igogo, Mwanza, inatengeneza kifaa cha kutegwa chini kabisa ya bahari kuu, kisikilize nyambizi zinazopita. Yeye ndiye aliyekisanifu.

Watu walimtania sana. "Nyambizi Mwanza? Utasikia sato wa ziwani tu!" Na yeye anacheka kuliko wote.

Shida yetu kubwa ilikuwa betri. Kwenye meeting anagonga meza: "Guys, kule chini nani ataenda kubadilisha betri? Wewe?"

Ndipo akakifundisha kulala. Kikisikia mngurumo wa injini kinaamka, kinarekodi. Injini ikinyamaza, kinalala tena. Kelele nyingine zote kinaziacha. Siku kilipokubali alitoka nje anapiga vigelegele, mpaka mama ntilie jirani yetu akauliza nani kaolewa!

Wiki iliyopita tulikizamisha ziwani kwa test. Juzi Koku akaenda kukiangalia kwa boti, yeye na nahodha, mzee Masalu. Upepo ukabadilika ghafla. Boti ikapinduka.

Mzee Masalu aliokolewa. Anasema waliishikilia ile boti wote wawili, Koku anamwambia, "Mzee, usiachie, watakuja." Likaja wimbi. Alipofumbua macho, alikuwa peke yake.

Sisi tulikuwa ufukweni Kirumba, tunaita jina lake kama wehu.

Wazamiaji waliokuwa wakimtafuta wakakipandisha kifaa. Nikakichomeka kwenye laptop. Mungu wangu, nilitaka hata kikohozi chake tu.

Injini ya boti yao ilikuwemo. Inakuja, inakuja, inazima. Halafu basi. Kikalala, kama alivyokifundisha.

Jioni ile wavuvi wakamleta.

Mama yake amefika kutoka Bukoba. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Alinishika mikono miwili. "Binti yangu, si mlisema hicho chombo kinasikia? Koku wangu kilimsikia?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Labda ningedanganya. Niambieni, nyie mngesema nini?

Ofisini wanasema kazi iendelee kwa heshima yake. Mimi siwezi. Nakitazama pale mezani natamani nikivunjevunje, halafu naona nyaya alizozichomelea kwa mikono yake, narudisha mkono.

Kesho tunakupeleka nyumbani, Koku. Sijui mtu anaagwaje. Ulisema utanisimamia kwenye harusi yangu, mimi nitasimama na nani?

Mama amekuvalisha lile gauni la kijani uliloshonesha kwa ajili ya siku yangu. Limekukaa vizuri, dada yangu. Limekukaa vizuri mno.

Pumzika.