Asumini Chini ya Kofia za Saluni

Ungeingia saluni yetu ya mtaa wa Overport mwishoni mwa mwaka 2013 ungedhani tumeanza kutengeneza nywele za miti. Dirishani, mahali pasipopigwa na jua, vilipangwa vikopo vya mtindi vyenye vijitawi, na kila kikopo kimevikwa kofia ya plastiki, kama zile tunazowavika wateja dawa ikiwa inaingia kwenye nywele. Wateja waliuliza mpaka nikachoka kujibu. Mwenye vikopo alikuwa Gloriose, Mrundi wa Gitega, mama yake Bonheur, msusi mwenye vidole vyepesi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na mwenye kichwa kigumu kuliko wote pia. Mimi ni Tina, wa Bukavu. Kiti chake na changu vilikuwa bega kwa bega.

Ili uelewe vile vikopo, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Mwezi wa tano mwaka 2008, wageni wa nchi nyingine kama sisi walipokuwa wakipigwa na wenyeji, Gloriose aliishi katika chumba kimoja mjini, mwanawe Bonheur akiwa bado mtoto wa mgongoni. Jumamosi alikuwa akimfulia nguo mjane mmoja wa Kihindi huko Sydenham, Anti Saras. Siku mambo yalipochafuka, Anti Saras hakupiga simu kuuliza hali. Aliwasha gari lake dogo, yeye ambaye hata robot, taa ya barabarani, ikiwa kijani alisitasita, akaja hadi mlangoni akawapakia mama na mtoto. Akawapa chumba cha nyuma ya nyumba yake. Walidhani watakaa wiki moja, wakakaa miaka mitano.

Gloriose hakuwa mtu wa kusema asante. Si kwamba hakuisikia moyoni. Iliishia mikononi: aliamka kabla ya mwenye nyumba, akafagia ua, akamsuka nywele bila kuombwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba neno lenyewe halimchoshi mtu mdomo. Alinicheka tu.

Kwenye ukuta wa ua ule palikuwa na asumini, iliyopandwa na marehemu mume wa Anti Saras mwaka waliooana. Kila Ijumaa bibi yule alichuma maua, akawasha taa ndogo na kuyaweka mbele ya picha ya mume wake. Yeye mwenyewe hakuvaa hata moja. Enzi za mume wake aliyavaa nyweleni kila siku, lakini tangu awe mjane aliacha, kwa desturi ya wazee wake.

Basi mwaka ule wa 2013 miguu ikamshinda Anti Saras. Mwanawe akampangia fleti Chatsworth, nyumba ikauzwa, na mnunuzi akasema Januari ukuta utavunjwa ili magari yapate pa kulala. Anti Saras akasema hakuna neno, mti ni mti. Lakini jioni Gloriose alimkuta amesimama ukutani, ameshika tawi kama unavyomshika mgonjwa mkono. Kuung'oa mti haikuwezekana, mizizi ilikuwa imeingia chini ya ukuta. Ilibaki kuotesha matawi, na Gloriose akaichukua kazi hiyo bila kumwambia mwenyewe, asije akampa tumaini la bure.

Alianza vizuri. Alikata matawi, si machanga sana wala makavu, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia. Akaondoa majani ya chini, akayasimika kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Kila asubuhi aliyapulizia kwa chupa. Majani yaling'aa hata mimi nikayasifu: yalipendeza kama kichwa cha bibi harusi. Baada ya hapo yakaanza kuwa meusi, moja moja, yakadondoka yote. Nikainama nikanusa.

"Mama Bonheur, mu hii chupa uliweka nini?"

"Maji."

"Maji haina harufu ya nazi."

Ilikuwa chupa ya mafuta ya rasta. Alikuwa akiongeza maji juu ya mabaki ya mafuta, kila asubuhi akiyapaka matawi mafuta kama vichwa vya wateja. Mkulima gani angefanya hivyo? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona uso wake, nikaacha kucheka. Mwaka ulikuwa unaisha, na ukuta haungemsubiri.

Alikata mengine, akanunua chupa mpya. Safari hii aliniambia wazo lake huku akimsuka mtu: tawi lisilo na mizizi haliwezi kunywa kwa chini, basi tulipatie unyevu kwa juu, kama nywele chini ya kofia. Ndivyo kofia zetu zilivyohamia kwenye vikopo. Udongo aliuacha na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Asubuhi alifunua kidogo hewa iingie, akafunika tena. Mimi nilitaka kujua kama mizizi imetoka, mkono ukaniwasha.

"Usivute, Tina. Utaikata."

Vijitawi vingi vilikufa. Vitatu vilitoa majani mapya, na alipovijaribu mwenyewe kwa kuvigusa taratibu, vilikataa kutoka: mizizi ilikuwa imeshika. Ukuta ulipovunjwa, vyenyewe vilikuwa tayari vimehamia kwenye vyungu vyao vya maua.

Jumapili baada ya kanisa tulipanda taxi hadi Chatsworth, vyungu magotini. Anti Saras alishika jani, akauliza tumenunua duka gani. Gloriose akamweleza ni ile ya ukutani. Bibi wa watu akatafuta kiti. Nilifurahi sana siku ile, nakiri, kama vile mizizi ilikuwa yangu.

Mwezi wa tatu alituita, Ijumaa. Kwenye roshani yalikuwa yamefunguka maua mawili tu. Akawasha taa, akaweka moja mbele ya picha. La pili tukadhani litafuata. Badala yake akamwambia Gloriose ainame, akalichomeka kwenye rasta zake, juu ya sikio.

"Mume wangu aliupanda ili mimi nivae," akasema. "Sasa vaa wewe, mwanangu."

Gloriose akasema asante. Akaisema kwa Kiingereza, akairudia kwa Kizulu, kisha akaingia Kirundi na hakutoka tena. Anti Saras hakujua Kirundi hata neno moja, lakini alimshika mikono akamwacha aseme yote.