Kisu Cheusi cha Mhunzi

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku Kang'ata, nilikuwa na mume wangu, nyumba yangu na mafiga yangu, ila kisu sikuwa nacho. Kila jioni nilivuka uwanja kwenda kuazima cha mama mkwe. Alinipa bila kununa, lakini aliniita mtoto na kuniagiza nisijikate. Nikaapa moyoni kwamba siku atakayokuja kula kwangu, mboga nitaikata kwa kisu changu mwenyewe.

Nilipanda lori la kijiji lililokuwa likipeleka mahindi Korogwe. Dukani nikaviona visu vya mpini mwekundu, vinang'aa hata nikayaona meno yangu. Nje, mzee mhunzi alikuwa ametandaza vyake juu ya gunia, vyeusi, vilivyofuliwa kwa springi za malori mabovu, bei yake nusu ya vile vya dukani. Sikuvitazama mara mbili, nikanunua cha dukani. Nilikuwa binti wa kupenda kung'aa, nifanyeje?

Mama mkwe akaja. Nikashika fungu la mchunga kiganjani, kama tunavyokata sisi, bila ubao. Kisu kikateleza, kikayaponda majani badala ya kuyakata, mboga ikatoka mapande ya kulishia mbuzi. Alikula yote. Ningefurahi zaidi kama angenisema.

Siku lori lilipoondoka tena, aliniletea mchunga ameufunga kwenye kitambaa kibichi.

“Mtoto, nenda kwa yule mhunzi, ukae chini ukate,” alisema. “Kisichokata mrudishie.”

Basi nikakaa juu ya jiwe mbele ya yule mzee, nikajaribu kisu kimoja baada ya kingine, wapita njia wananicheka, na mimi mwenyewe nacheka. Cha nne kilikuwa chepesi, bapa lake jembamba, mpini umejaa kiganjani. Majani yalianguka membamba kama nyuzi. Mzee akaacha kufua, akatazama. Nilirudi nyumbani juu ya magunia matupu nikiimba, kisu nimekikumbatia.

Mama mkwe alikula tena kwangu, akaongeza mboga mara mbili. Jioni iliyofuata nikamwona anavuka uwanja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akabaki amesimama mlangoni anakunakuna shingo.

“Mama,” akaniita mimi, “niazime kisu chako.”

Nilimpa kwa mikono miwili. Nusura nimwagize asijikate.