Mikono ya MaThabang Iligoma

Hakuna mtu pale mjini Maputsoe ambaye hakuwahi kuisikia hadithi ya MaLineo. Aliisimulia bombani, aliisimulia msibani, aliisimulia langoni mwa kiwanda cha nguo wanawake wakisubiri kuitwa kazini. Mume alikwenda migodini Welkom akaoa kimya kimya huko. Wakwe wakamtoa nyumbani na sufuria moja. Kisha binti yake Lineo akazaa bila ndoa, akamtupia mtoto, akaenda zake. Hapo MaLineo alivuta pumzi, halafu akamalizia: "Nikalea. Ningefanya nini?" Mtoto alimwita Keneuoe, yaani nimepewa.

Watu walimhurumia. Huruma hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, na aliitunza.

Nthati, mwigizaji kutoka Maseru, alipoanza kukusanya akina mama kwenye ukumbi wa kanisa, mtu wa kwanza kuitwa alikuwa MaLineo. Nthati alikuja na kichanga chake mgongoni, akawaambia hataki michezo ya kubuni. Kila mmoja angekaa mkekani aeleze umama wake, kisha wenzake wangemwigizia, naye angetazama tu, mikono mapajani. Siku ya onyesho ndipo kila mama angeingia mwenyewe kwenye nafasi yake.

MaLineo aliieleza ile ile. Hata hakuhitaji kufikiri.

Nafasi ya Lineo ikamwangukia MaThabang, mpika pombe, mwanamke wa kifua na kicheko.

"Mimi na mwili huu niwe msichana wa miaka kumi na saba?" alisema. "Dada Nthati, unataka watu wadai kiingilio chao?"

"Vuta tumbo ndani," akasema MaKhotso, aliyepewa nafasi ya MaLineo.

"Nilivute nilipeleke wapi, mwanamke wewe mwembamba kama uzi?"

Wakacheka. MaLineo alikuwa amekuja na blanketi lenyewe, la rangi ya kahawia lenye picha za gunzi la mahindi, ambalo Lineo alimfungia mtoto siku aliyozaliwa. Wakalikunja, likawa mtoto. MaThabang alilipakata, akasema maneno aliyofundishwa: "Mchukue, mama. Mimi nataka kuishi." MaKhotso akanyoosha mikono kupokea.

MaThabang hakutoa.

"Tena," Nthati akasema.

Akarudia maneno. Blanketi likabaki kifuani.

"Mikono inagoma," MaThabang akasema, na safari hii hakuwa anatania. "MaLineo, dada yangu, mtoto alikuwa na miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi maziwa yalikuwa yamejaa. Mimi nimenyonyesha sita. Ukiwa na maziwa mtoto humsukumi mbele hivi kama unampa mtu ndoo. Labda unyang'anywe."

"Kwani wewe ulikuwepo?" MaLineo alisimama. "Igiza ulivyoambiwa! Pombe zako ndizo zinazokupa akili hizo?"

"Naigiza, mama, usinile."

Lakini hakuna aliyecheka tena. Kichanga cha Nthati kilisikika kikinyonya. MaLineo alichukua blanketi lake akaondoka, na njia nzima alikuwa akimtukana MaThabang moyoni, mpaka matusi yakamwishia.

Nyumbani alimkuta Keneuoe akichambua mboga mlangoni. Mtoto alikuwa na vidole vya Lineo. MaLineo alivijua tangu zamani, ila alikuwa na ujuzi wa kutovitazama.

Aliyefunga matiti ya Lineo ni yeye. Alichana shuka, akamkaza kifua kwa nguvu, binti akilia kwamba anaumia, naye akimwambia maumivu yatapita. Kisha akamtuma Mafeteng kwa shangazi, akatafute kazi huko, atakuja kumchukua mtoto akishapata pa kukaa. Blauzi ilikuwa imelowa kabla hajafika barabarani. Lineo aliporudi kumdai, MaLineo alisimama mlangoni na Keneuoe mgongoni. "Anakujua wewe ni dada yake. Usimvuruge mtoto." Alirudi tena, akaambiwa vile vile. Watu walipouliza mbona binti hamlei mwanawe, mtu fulani akasema amemtupa. MaLineo hakumkosoa. Baadaye akaanza kulisema yeye mwenyewe.

Mume walimchukua. Nyumba waliichukua. Na yeye akachukua. Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini aliyelipishwa hakuwa mume wala wakwe.

Kesho yake mchana alikwenda kwa Lineo, ng'ambo ya kijito, alikoolewa aliporudi kutoka Mafeteng. Alimkuta akianua nguo. Lineo hakumkaribisha ndani.

"Jumamosi tunaigiza," MaLineo akasema. "Nimekuja kukualika."

"Nije kusikia nilivyomtupa mtoto? Hiyo naijua, mama. Hapa nikiunguza chakula tu, mama mkwe wangu ananiimbia: aliyetupa mtoto atashindwaje kutupa ugali?"

"Sitakutaja."

Lineo alicheka bila furaha. "Hutanitaja! Jina hilo la Mama Lineo wakwe zako walikupa siku ulipoolewa, mimi sijawa hata mimba. Ukisimama pale ukasema wewe ni nani, umeshanitaja. Ndivyo umekuwa ukinitaja miaka yote."

MaLineo alitaka kusema lile alilolijia. Alikuwa hodari wa kueleza alivyokosewa, usiku na mchana asingechoka, lakini kuomba radhi hakuwahi kujifunza. Alimsaidia kukunja shuka moja. Akaondoka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkwe wa Lineo alikuwa mbele kabisa na wenzake wa kanisani. Lineo alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kama mtu asiyekusudia kumaliza. MaLineo alimwona. Angeweza kuisema hadithi yake ile ile. Watu wangelia, wangemshika mkono, na Jumatatu angepishwa foleni bombani kama kawaida.

MaThabang aliingia na blanketi kifuani. Alianza, "Mchukue, mama..." huku akimtazama MaLineo kwa mashaka, kwani mikono yake ilikuwa haijatii hata siku ya mwisho ya mazoezi.

MaLineo hakunyoosha mikono kupokea. Alimwendea, akashika blanketi, akavuta.

Hilo hawakulipanga. MaThabang aling'ang'ania kama mtu anayeibiwa kweli. Wakavutana huku na huku, viatu vikikwaruza sakafuni, na MaThabang akapaza sauti kwa neno ambalo hakuna aliyemfundisha: "Mama, bado ananyonya!"

"Wewe una ujana!" MaLineo alimjibu. "Utazaa tena! Mimi wameniachia nini?" Akavuta kwa nguvu zote, MaThabang akakaa chini kwa kishindo.

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

MaLineo aligeukia watu, blanketi mikononi. "Mimi ni MaLineo," alisema. "Lineo hakumtupa mtoto. Wala hakunipa. Nilimfunga maziwa, nikamfukuza, nikamchukua. Aliporudi nikamfungia mlango. Haya mengine mliyosikia niliyasema mimi."

"Joo!" bibi mmoja alipiga kite nyuma huko. Mkwe wa Lineo alitazama mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. MaLineo aliliacha blanketi likaanguka, akaenda kukaa mkekani, na wenzake wakaendelea na hadithi ya MaKhotso.

Watu walipokuwa wakitoka, wanawake wa bombani walimpita kama wanapita kiti. Yule aliyezoea kumwita shujaa aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. MaThabang peke yake alimgusa bega. "Umenivunja kiuno, dada," alinong'ona, akaenda zake.

Lineo alikuja mbele. Hakulia, wala hakumkumbatia mama yake. Aliokota blanketi, akalikung'uta vumbi, akalikunja mara mbili na kuliweka begani.

"Kesho nakuja kumchukua Keneuoe. Atashinda kwangu."

Hakuwa anaomba. MaLineo alifungua mdomo. Mtoto ana mafua. Viatu vyake vimelowa. Sababu zilikuwa zimejipanga mdomoni kama zamani, kila moja ikisukuma nyingine itoke.

"Atakuwa tayari," akasema.

Lineo akaondoka na blanketi. Nje upepo wa Agosti ulikuwa unakata, na MaLineo alirudi nyumbani mabega wazi, akifikiri atamwambiaje mtoto aliyempa jina la uongo.