Macho Mekundu ya Mama

Uvumilivu wangu uliisha mchana ule binti yangu alipomkimbia bibi yake uani, akipiga kelele mbele ya majirani: "Ana macho mekundu! Atatula!"

Jirani mmoja akasema taratibu, "Mtoto hasemi uongo."

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama yangu alikuwa akibanika samaki hapa mtaani Pasiansi tangu mimi sijazaliwa. Wekundu ule ulikuwa wa moshi. Lakini kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo hiyo, wakidaiwa kuwa wachawi.

Maneno yale mtoto aliyatoa kwenye sinema. Jumapili mkata tiketi alinihakikishia, "Ingia naye tu, dada, ni ngano ya binti mfalme." Ngano gani ile? Kikongwe mwenye macho mekundu aliwapika wajukuu zake, na watu wazima wakapiga miluzi.

Kesho yake nilipeleka barua kwa ofisa utamaduni, nakala kwa balozi wetu wa nyumba kumi: "Ndugu, watu wazima waonyeshwe wapendacho, ila mlangoni iandikwe kwamba watoto hawaruhusiwi. Balozi naye aitishe mkutano, atangaze kwamba macho ya mama yangu ni ya moshi. Akidhurika, nitamtaja aliyesema mtoto hasemi uongo."